Mashine inaposema imeharibika na haijaharibika

Kwenye meza za mafundi wa telefone na ordinateri hapa Kisangani, kuanzia pembeni ya soko kuu la Makiso mpaka Mangobo na ng'ambo ya mto Lubunga, hukumu nyingi siku hizi zinatolewa kwa kusoma kioo tu. Mwenye mashine anafika, fundi anafungua programu ya kupima, inazunguka dakika chache, halafu linatokea neno jekundu: diski mbovu, batri mbovu, memori mbovu. Kuanzia hapo maongezi yanageuka ya dola. Lakini ile programu inaweza kukosea. Inakosea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na katika mji wenye joto na umeme wa kuyumba, sababu za kukosea zinazidi.

Wanaoumia zaidi ni wenye zile ordinateri ndogo za michezo ya kushika mkononi. Kwa nje zinafanana na kichezeo cha watoto, lakini ndani ni ordinateri kamili. Steam Deck ya kampuni Valve ya Marekani ilianza kutoka mwezi wa pili 2022. ROG Ally ya ASUS ikafuata mwezi wa sita 2023, na Legion Go ya Lenovo mwishoni mwa mwaka ule ule. Steam Deck haiuzwi rasmi Kongo. Inayoonekana Kisangani imeletwa na ndugu aliyetoka Ulaya, ama imenunuliwa mtumba ikapita mikono miwili mitatu. Garanti haifiki huku, na fundi aliyeshafungua moja hapo mbele ni wa kutafutwa.

Tena ndani ya mashine hizi memori imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaita karti-meri. Kwenye ordinateri ya mezani, ukiambiwa memori ni mbovu, unachomoa kipande na kuweka kingine. Hapa, neno "memori mbovu" maana yake ubao mzima, na bei ya ubao mzima inakaribia bei ya mashine yenyewe. Ripoti moja ya uongo inatosha kuifanya mashine nzima kuuzwa kama vipuri.

Programu inaona nini hasa

Programu ya kupima haina macho. Haioni diski wala batri. Inachofanya ni kuuliza vipimio vidogo vilivyomo ndani ya mashine: joto ni ngapi, volti ni ngapi, umeme kiasi gani umeingia na kutoka. Kisha inalinganisha jibu na kikomo kilichoandikwa na kiwanda. Jibu likipita kikomo, inaandika sentensi iliyotayarishwa zamani na mtu ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo.

Kosa linaweza kuingia fasi tatu. Kipimio kinaweza kusema uongo. Kikomo kinaweza kuwa hakifai mahali mashine ilipo, kama kiliwekwa kwa hali ya hewa nyingine. Na sentensi yenyewe inaweza kutaja kipande kisicho na hatia, kwa sababu programu imeona dalili tu ikabahatisha chanzo.

Kila familia ya Tshopo inaujua mfano wa karibu: kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu. Vipimo vingi vya aina hii vinatafuta protini inayoachwa na kimelea, siyo kimelea chenyewe. Mtoto akishatibiwa na kupona, protini ile inaweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa, na kipimo kikaendelea kuonyesha mistari miwili. Kipimo kimeona kitu cha kweli, ila hicho kitu si ugonjwa wa leo. Muuguzi anayejua hilo anauliza kwanza mtoto alitibiwa lini. Fundi naye anayo maswali yake ya kuuliza kabla ya kuchukua bisibisi.

Joto

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Joto la mchana linacheza karibu na digri 30, na ndani ya kibanda cha mabati bila dari linapanda zaidi. Wakati wa joto kali Ulaya mwezi wa saba 2022, Valve ilitangaza kwamba Steam Deck inafanya kazi vizuri pale hewa iliyoizunguka iko kati ya digri 0 na 35. Ikasema pia kwamba chipu kuu inavumilia mpaka digri 100. Ikifika hapo mashine inapunguza kasi yenyewe, na kwenye 105 inajizima ili isiungue.

Maana yake ni kwamba mashine inayojizima katikati ya mchezo, saa nane mchana, chini ya bati, huenda haina ugonjwa wowote. Imejilinda. Ukiwasha programu ya kupima wakati huo huo, mashine bado ya moto, utaona kasi ndogo, na programu itaandika kwamba kichakataji hakifiki kiwango. Mashine ile ile ikipimwa alfajiri, imepoa na vumbi limetolewa kwenye feni, inaweza kupita bila tatizo.

Kisa cha ROG Ally kinaonyesha namna kosa linavyoangukia asiyehusika. Miezi ya kwanza baada ya mashine hiyo kutoka, wenye nayo waliona kadi zao ndogo za kuhifadhia michezo zinakataa. Mashine ilisema kadi haisomeki. Watu wakafuta kadi, wakanunua nyingine, nazo zikafanya vilevile. Mwezi wa saba 2023 ASUS ikakubali kwamba chini ya joto fulani kisomeo cha kadi ndani ya mashine kinaweza kushindwa kazi, na ikatoa programu mpya ya kuongeza mwendo wa feni. Kadi nyingi zilizoshtakiwa zilikuwa nzima. Ukiiweka kadi ile kwenye telefone au ordinateri nyingine ungelijua hilo kwa dakika moja, bila kulipa mtu.

Lakini kuna upande wa pili, na huku kwetu una uzito. Kadi nyingi za bei ya chini zilizoandikwa 512 au 1 000 gigabaiti ni za bandia. Ndani kuna nafasi ndogo sana, ila zimefundishwa kudanganya kwamba ni kubwa. Ukijaza kupita ile nafasi ya kweli, vitu vya mwanzo vinafutika na mashine inasema kadi imeharibika. Hapo mashine imesema kweli, na mwenye kadi ndiye asiyeamini. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux zinajaza kadi nzima, kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Zinachukua saa nyingi kwa kadi kubwa, lakini jibu lake ni gumu kulibishia.

Umeme

Umeme wa mji unatoka kwenye kituo cha mto Tshopo, kilichojengwa wakati wa ukoloni katika miaka ya 1950. Kina turbini tatu, na si mara zote zinazunguka zote. Mkazi hahitaji kuelezwa delestaji. Kinachosahaulika ni kwamba hata wakati kuran ipo, inaweza kuwa chini ya zile volti 220, na kwamba jenereta ndogo za mtaani nazo zina kuyumba kwake.

Steam Deck inataka chaja ya wati 45. Ukiichomeka kwenye chaja ya telefone, inaonya kwamba chaja ni ya polepole. Mtu akicheza huku imechomekwa, batri inaendelea kushuka ingawa alama ya chaji inaonekana. Wengi wanasema hapo hapo batri imekufa. Batri ni nzima. Inakula zaidi ya inavyolishwa. Kabla ya kuagiza batri, ambayo kwenye Steam Deck imegandishwa kwa gundi na kuitoa ni kazi ya hatari, inafaa kujaribu chaja nyingine na waya mwingine. Waya hasa. Waya wa bei rahisi unaweza kupitisha umeme wa telefone vizuri na kushindwa kabisa kulisha ordinateri.

Asilimia ya afya ya batri nayo ni hesabu, siyo kipimo cha moja kwa moja. Chipu ndogo inahesabu umeme unaoingia na kutoka, halafu inakadiria batri inabeba kiasi gani. Ili ikadirie vizuri inahitaji kuona mara moja moja batri ikijaa kabisa na ikiisha kabisa. Katika mji ambapo unachaji nusu saa hapa, robo saa pale, kuran ikatike, kisha paneli ya jua ya jirani, ile hesabu inapotea njia. Inaanza kuonyesha asilimia 30 kisha mashine inazimika ghafla, au inasema afya ya batri imebaki kidogo. Dawa ya kwanza haina gharama: kuijaza mpaka mwisho, kuitumia mpaka ijizime, kisha kuijaza tena bila kukatiza. Mara nyingi namba zinarudi mahali pake. Zisiporudi, hapo neno "batri" linaanza kuwa na maana.

Kuna jambo moja ambalo programu haitaonyesha hata siku moja: batri iliyovimba. Kama mgongo wa mashine umeinuka, kioo kinaachana na fremu, au mashine inayumba juu ya meza iliyonyooka, usiangalie asilimia. Izime, usiichaji, usiitoboe, na usiifanyie lile zoezi la kujaza na kumaliza. Batri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto, hata kama kioo kinasema afya ni asilimia 95.

Kwa wenye Windows, umeme unaacha alama nyingine inayotisha. Ndani ya Observateur d'événements, daftari ambamo Windows inaandika kila linalotokea, kuna tukio namba 41 la Kernel-Power, lenye daraja la "Critique" na alama nyekundu. Tafsiri yake ni fupi: mashine imewaka tena bila kuzimwa vizuri. Hiyo tu. Ordinateri ya mezani, au laptopu iliyochoka batri, itaandika 41 kila SNEL inapokata. Mashine ya mkononi itaiandika kila mwenyewe anapobonyeza kitufe kwa nguvu mpaka izime. Mtu wa Kisangani mwenye matukio 41 arobaini kwa mwezi hana mashine mbovu lazima. Huenda ana orodha nzuri ya siku kuran ilipokatika. Tukio hilo linastahili wasiwasi pale linapotokea umeme ukiwepo na chaja ikiwa nzuri, au pale ndani yake kuna namba ya kosa lingine isiyo sifuri.

Diski na memori

Neno linalotisha kuliko yote ni "diski", kwa sababu ndani ya diski kuna picha, thesisi ya chuo, na hesabu za duka. Diski za kisasa aina ya NVMe, ambazo ndizo zimo ndani ya mashine hizi za michezo, zina kaunta ya makosa. Mtu anafungua programu ya kusoma diski, anaona makosa 300, moyo unaruka. Lakini kaunta ile inahesabu hata maswali ambayo diski haikuyaelewa. Mfumo wa Linux, ambao ndio msingi wa Steam Deck, unaweza kuiuliza diski jambo ambalo kiwanda chake hakikuliweka. Diski inajibu kwamba haijui amri hiyo, na kuandika kosa moja. Kila mashine inapowaka, swali linarudi na kaunta inapanda. Ni kama mtu akusalimie kwa lugha usiyoijua kila asubuhi, nawe uandikwe kiziwi.

Mistari ya kuangalia ni mingine. Programu ya smartctl inaiandika kwa Kiingereza: "Critical Warning" inatakiwa iwe sifuri, "Media and Data Integrity Errors" vilevile sifuri, "Available Spare", yaani akiba ya sehemu zisizotumika, inatakiwa ikae mbali juu ya kikomo kilichoandikwa mstari wa chini yake. Hizo tatu zikiwa nzuri, namba kubwa ya makosa mengine peke yake si sababu ya kununua diski. Na diski ya Steam Deck ni fupi, milimita 22 kwa 30, si aina inayopatikana kwa urahisi. Wenye toleo la kwanza la gigabaiti 64 wajue kwamba lenyewe halina NVMe, lina hifadhi ya aina ya eMMC, na programu nyingi za kupima diski hazina cha kusema juu yake. Ukimya ule si ugonjwa.

Hata hivyo, diski inayosema "mimi mzima" nayo isiaminiwe mno. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100 000 za aina ya kuzunguka, zilizokuwa kwenye mitambo ya kampuni yao. Kati ya zile zilizokufa, zaidi ya asilimia 36 hazikuwa zimetoa onyo lolote kwenye ripoti zao za ndani, ukiondoa joto. Diski zaidi ya moja kwa kila tatu zilizokufa zilikwenda kimya. Kwa hiyo kunakili vitu muhimu kwenye diski ya pili ni kazi isiyongoja ripoti.

Kuhusu memori, programu maarufu ya MemTest86 ina jaribio moja linaloitwa la nyundo. Linapiga mstari mmoja wa memori kwa haraka sana kuona kama mstari wa jirani unatikisika. Watengenezaji wake wenyewe wanaeleza kwamba memori inaweza kuanguka jaribio hilo na bado isilete shida katika kazi za kawaida. Anayeanguka la nyundo peke yake hayuko hali moja na anayeanguka majaribio ya kwanza. Na jaribio la memori kwenye mashine ya moto, au yenye chaja dhaifu, linafaa kurudiwa kabla ya kutamka neno karti-meri.

Telefone na saa iliyopotea

Hata asiyejali michezo anakutana na jambo hili mfukoni mwake. Tangu 2019, iPhone zinaandika ujumbe kama batri iliyowekwa haikutambuliwa na mfumo wa Apple. Ilionekana mwaka ule kwamba hata batri halisi, ikitolewa kwenye iPhone nyingine na kuwekwa na fundi wa kawaida, ilileta ujumbe wa kutaka huduma na kuficha asilimia ya afya. Ujumbe ule hausemi batri ni mbovu. Unasema kampuni haikuhusishwa. Mteja anayeusoma vibaya anarudi kwa fundi na hasira, na fundi mwaminifu anapoteza jina.

Telefone nyingi nyingine zinakataa chaji na kuonyesha tone la maji, kwamba tundu lina unyevu. Wakati wa mvua inaweza kuwa kweli. Lakini uchafu na kutu ndogo ndani ya tundu vinatoa ujumbe ule ule hata telefone ikiwa kavu kabisa. Kuliacha likauke, kisha kulisafisha taratibu telefone ikiwa imezimwa, kunamaliza visa vingi.

Na zile ordinateri za zamani zinazotoka Ulaya: mara kwa mara zinakataa kufungua mitandao yote, kila ukurasa unaandika kwamba mawasiliano si salama. Watu wanasema virusi. Angalia saa kwanza. Batri ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, ikiisha, mashine ikikosa kuran inasahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma. Vyeti vya mitandao vina tarehe, na kwa mashine iliyo mwaka wa zamani vyote vinaonekana vya uongo. Ni kipande cha bei ya chini kabisa ndani ya mashine nzima.

Pale kosa linapotengenezwa makusudi

Kuna ripoti za uongo zinazotokana na ujinga wa programu, na kuna zile za biashara. Mwezi wa tatu 2019, maduka makubwa ya Marekani ya Office Depot pamoja na kampuni ya programu Support.com yalikubali kulipa jumla ya dola milioni 35, baada ya tume ya biashara ya serikali kuyashtaki. Madukani kulikuwa na programu ya kupima ordinateri bure. Mteja aliulizwa maswali manne mwanzoni: je, mashine ni ya polepole, inajizima, ina matangazo yanayojifungua, imeonya juu ya virusi? Akijibu ndiyo kwa swali hata moja, programu ilitangaza kwamba dalili za programu mbaya zimepatikana. Uchunguzi uliokuwa unazunguka kwenye kioo haukuwa na uzito. Jibu lilikuwa limeshatolewa na mdomo wa mteja. Halafu akauziwa matengenezo.

Matapeli wa simu nao, katika nchi nyingi, wamekula watu kwa daftari lile la matukio la Windows. Wanamwelekeza mtu alifungue, anaona mistari mingi yenye alama nyekundu na za njano, wanamwambia mashine inakufa. Hakuna Windows duniani isiyo na mistari ile. Moja yao, namba 10016 ya DistributedCOM, Microsoft yenyewe imeandika kwamba inaweza kuachwa bila madhara, ni matokeo ya namna mfumo ulivyojengwa.

Kwa mafundi wa hapa haki inataka kusemwa: wengi hawadanganyi. Wanaamini kioo kama mteja anavyokiamini, na hawana mashine ya pili ya kulinganisha. Lakini hesabu haiwasaidii. Chukua mfano wa kufikirika: mashine 1 000, na 20 kati yake diski ni mbovu kweli. Programu ni nzuri, inakamata 19. Ila inakosea kwa mashine 5 katika kila 100 zilizo nzima, yaani 49. Zitakuja mezani mashine 68 zenye neno jekundu, na 49 kati yake hazina kitu. Programu inayosifiwa kuwa sahihi kwa asilimia 95 imewatuma watu wengi zaidi kununua diski bure kuliko waliohitaji.

Kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni kunakili data, ripoti iwe ya kweli au ya uongo. Jambo la pili ni kurudia kipimo katika hali nyingine: mashine imepoa, chaja sahihi, umeme uliotulia, programu nyingine zimefungwa. Kosa la kweli la kifaa kwa kawaida linarudi. La uongo linabadilika, leo diski, kesho memori, keshokutwa hakuna. Kupima kwa programu mbili zilizotengenezwa na watu tofauti kunasaidia, na kuhamisha kipande kinachoshtakiwa kwenda kwenye mashine nyingine kunasaidia zaidi: kadi, chaja, waya, diski.

Kama kosa limeanza siku ile ile ya mizajuri, yaani baada ya kuweka toleo jipya la mfumo, anza kuishuku mizajuri. Na programu ya kupima yenyewe iwe mpya. Ya zamani inaweza isitambue diski au batri iliyotoka baada yake, ikaandika kosa kwa kitu isichokijua.

Mteja ana haki ya kumwomba fundi amwonyeshe mstari wenyewe wa kosa, na kuupiga picha kwa telefone, pamoja na namba yake. Namba ndiyo yenye maana, kwa sababu inaweza kutafutwa kwa maandishi ya kampuni iliyotengeneza kifaa. Kwa Steam Deck, iFixit inaweka hadharani maelekezo ya kuifungua hatua kwa hatua yenye picha, na fundi ambaye hajawahi kuigusa anaweza kuyasoma kabla ya kutoa parafujo ya kwanza. Kipande kikibadilishwa, omba kile cha zamani. Ukijaribu diski ile iliyotolewa kwenye mashine nyingine na ikafanya kazi wiki nzima, utajua kilichokuwa kibovu hakikuwa diski.

Bila ya hayo yote, kelele mpya kama ya kukwaruza kwenye diski ya kuzunguka, harufu ya kuungua, faili zinazotoweka zenyewe, au mgongo uliovimba, ni dalili zisizohitaji programu. Hapo mashine inazimwa kwanza, maswali baadaye.